Ushuru Hufanywa Upya Kila Mwaka: Nani Hutoza, kwa Sheria Gani, na Mlipaji Aulize Nini?



Kila ufikapo mwezi wa Aprili, mwaka mpya wa fedha wa Malawi uanzapo, dawati letu la uhusiano hupokea swali moja kwa sura nyingi. Mama auzaye dagaa huuliza: "Afande, ushuru nililipa mwaka jana wote. Mbona sasa naambiwa umefanywa upya, tena umepanda?" Kijana aliyepanga chumba Lilongwe husema kwamba mwenye nyumba anamdai fedha za "kodi ya jiji" juu ya pango lake. Na yuko mwingine, ambaye husubiri wenzake watoke kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Nisipolipa, ninyi polisi mtanikamata?"

Maswali hayo yanastahili majibu ya wazi. Mahali ambapo watu hawajui ni nani mwenye haki ya kutoza, laghai hupata riziki yake hapo hapo, na ugomvi mdogo wa tikiti huweza kugeuka vurugu ya soko zima. Makala haya yanaeleza ushuru wa halmashauri ni nini, kwa nini hufanywa upya, unagharimia nini, na mlipaji ana haki gani, awe mwenyeji au mkimbizi.

Msingi wa sheria

Tuanze na jambo lililo juu ya mengine yote. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994, katika kifungu chake cha 171, inasema kwamba hakuna kodi, ushuru wala tozo yoyote itakayotozwa na Serikali au na mamlaka ya serikali za mitaa isipokuwa kwa idhini ya sheria. Mkuu wa soko hawezi kubuni ushuru wake mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati hawezi. Askari polisi, awe wa cheo chochote, hawezi.

Sheria inayozipa halmashauri uwezo huo ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998, iliyotungwa sambamba na sera ya kupeleka madaraka wilayani. Chini yake, Halmashauri ya Jiji la Lilongwe, Halmashauri ya Wilaya ya Dowa na nyinginezo zinaweza kukusanya mapato ya ndani kwa njia kadhaa. Tatu ndizo zinazowagusa wasomaji wetu zaidi.

Ya kwanza ni kodi ya majengo na viwanja. Hii hulipwa na mwenye mali, si mpangaji. Kijana wetu wa Lilongwe aelewe hivi: hati ya madai ya jiji humwendea mwenye nyumba. Ikiwa mwenye nyumba anataka kuiingiza gharama hiyo katika pango, hilo ni jambo la makubaliano kati yao, nalo lasemwe na kuandikwa kabla ya mpangaji kuingia, lisije likazuka katikati ya mwaka.

Ya pili ni ushuru wa soko, ambao mara nyingi hutozwa kwa siku, na mlipaji hupewa tikiti.

Ya tatu ni ada za leseni za biashara na huduma nyingine za halmashauri.

Kwa nini hufanywa upya?

Baadhi yenu mna jamaa waliohamishiwa Marekani, nao huwasimulia habari za kura za ajabu. Katika jimbo la Ohio, kwa mfano, kodi maalumu ya kugharimia shule, zimamoto au polisi wa mji huweza kuwekewa muda wa miaka kadhaa. Muda huo ukiisha, wakazi wenye haki ya kura huulizwa tena: tuendelee nayo au tuiache? Wakikataa, kodi hiyo hukoma, na huduma iliyotegemea fedha hizo hupungua.

Hapa kwetu hakuna kura ya namna hiyo. Lakini si kweli kwamba ushuru ukishawekwa huwa wa milele bila mtu kuutazama tena. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza, halmashauri hutakiwa kupanga bajeti yake, na ndani ya bajeti hiyo hukadiria itakusanya nini na itatumia nini. Kiwango cha kodi ya majengo huamuliwa kwa mwaka husika. Daftari la uthamini, yaani orodha ya mali na thamani zake, sheria inataka liandaliwe upya kila baada ya miaka mitano, kisha liwekwe wazi ili mwenye mali alikague na kutoa pingamizi ikiwa ameonewa. Viwango vya ushuru wa soko navyo hupitiwa kadiri bei za vitu na gharama za huduma zinavyobadilika.

Kwa hiyo "kufanywa upya" kuna maana mbili. Kwa halmashauri ni kupata fedha za mwaka mwingine. Kwa mwananchi ni nafasi ya kuuliza fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi. Maana ya kwanza hutangazwa kwa kipaza sauti. Ya pili husahauliwa upesi, ingawa ndiyo inayoifanya ya kwanza iwe ya haki.

Historia ya taifa hili inatuonya juu ya kusahau huko. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa mwaka 2000, muda wao ulikwisha mwaka 2005, na uchaguzi mwingine haukufanyika hadi mwaka 2014. Kwa karibu miaka tisa halmashauri ziliendelea kutoza na kutumia bila madiwani waliochaguliwa. Ushuru ulikuwapo, lakini mtu wa kuulizwa habari zake hakuwapo.

Fedha hizo hugharimia nini?

Mapato ya ndani ya halmashauri hukusudiwa kwa huduma zilizo karibu na mtu: kuzoa taka, vyoo vya soko, mabomba ya maji ya sokoni, taa, mitaro, matengenezo ya vibanda na barabara ndogo, na katika miji mikubwa, zimamoto. Huduma nyingine, kama vile mishahara ya walimu na dawa za hospitali, kwa sehemu kubwa hutegemea fedha kutoka Hazina ya taifa.

Na polisi je? Hapa nataka nieleweke vizuri. Mshahara wa askari polisi hulipwa na Serikali Kuu. Hautoki katika tikiti ya soko. Mtu akikwambia, "Lipa hapa ili polisi wawalinde," huyo amesema uongo, hata kama amevaa sare. Ulinzi wa polisi hauuzwi. Umekwisha kugharimiwa, na ni haki ya kila aliye katika ardhi ya Malawi.

Hata hivyo, nisingependa kuacha dhana kwamba ushuru wa halmashauri hauhusiani na usalama. Soko lisilo na taa ni soko la wezi. Njia iliyozibwa na taka huwakwamisha zimamoto na gari la wagonjwa. Choo kikiwa mbali, tena gizani, wanawake huhatarishwa. Askari wawili wa doria hawawezi kufanya kazi ambayo taa kumi zingeifanya usiku kucha.

Hali ya Dzaleka

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza zamani. Ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili hivi. Leo ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Soko lake halihudumii wakimbizi peke yao. Wanakijiji wa jirani huja kuuza mahindi, mboga na mkaa, na kununua nguo, sabuni na vyombo. Mtu akisimama hapo asubuhi atasikia Kichewa, Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda katika mauzo ya kilo moja ya maharage.

Huduma za kambi zimetegemea kwa muda mrefu Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na wafadhili. Katika miaka ya karibuni misaada imepungua, hata mgao wa chakula umekatwa. Kwa familia iliyo katika hali hiyo, kwacha mia mbili si fedha ndogo. Ndiyo maana kila senti itakiwayo kwa jina la umma sharti iwe na sheria nyuma yake na huduma mbele yake.

Mkimbizi pia ajue mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kwanza, tikiti ya ushuru si kibali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake, yakiwamo yanayohusu ajira na uhuru wa kutembea, na wengi wenu mnakumbuka mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini walivyorudishwa kambini. Aliyekuwa na tikiti za soko za mwaka mzima hakuweza kuzitumia kama ruhusa ya kukaa. Asikudanganye mtu kwamba ukimlipa yeye ushuru, umekwisha kuhalalishwa.

Pili, na hili lina uzito uleule: kutokuwa na kibali hakumpi mtu yeyote haki ya kukutoza kwa siri. Mwenye kusema "nipe kitu, nisikuripoti" hakusanyi kodi. Anaomba rushwa, au ananyang'anya kwa vitisho. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 1995, iliyounda Ofisi ya Kupambana na Rushwa, inamhusu raia na askari vilevile.

Niliyoyaona mimi mwenyewe

Miaka ipatayo ishirini iliyopita, nikiwa konstebo mgeni kazini, tulitumwa kuwasindikiza watoza ushuru katika soko moja ambalo sitalitaja. Mzee muuza viazi vitamu alikataa kulipa. Hakutukana wala hakuinua mkono. Alisema tu: "Choo kimefungwa kwa kufuli tangu mavuno. Mkikifungua, nitalipa." Mtoza ushuru akakipindua kikapu chake. Sisi tulikuwa tumesimama na virungu vyetu, hatukusema neno. Mwishowe mzee ndiye tuliyemchukua kituoni. Alikaa hapo mchana kutwa, kisha akaachiwa, kwa kuwa hapakuwa na shtaka la kumwandikia.

Siku ya soko iliyofuata, nusu ya wauzaji walikuwa wamehamia kando ya barabara kuu, ambako hakuna atozaye. Halmashauri ilipata kidogo kuliko awali, magari yalikuwa karibu kuwagonga watoto, nasi polisi tukaongezewa kazi. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Mzee yule alikuwa ameuliza swali ambalo bajeti yenyewe ilipaswa kulijibu. Sisi tulilichukua kama fujo.

Jirani zetu wamejifunza nini?

Neno kodi lina makovu katika eneo letu. Wakoloni walitoza kodi ya kibanda hapa Nyasaland, na asiyekuwa na fedha alilazimika kuzitafuta katika mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, nchi kadhaa zilibaki na kodi ya kichwa iliyokusanywa kwa misako. Tanzania iliifuta kodi yake ya maendeleo mwaka 2003, na Uganda ikaisimamisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005. Wananchi walishangilia, lakini halmashauri zilipoteza mapato yao na zikazidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu. Kodi iliyochukiwa iliondoka, na mahitaji ya vyoo, maji na barabara hayakuondoka nayo.

Kenya inatupa funzo la namna nyingine. Huko kila kaunti hupitisha sheria ya fedha inayoweka ada na tozo zake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Mahakama haikusema kwamba kaunti haina haki ya kutoza. Ilisema kwamba kuwauliza watu ni sehemu ya haki hiyo.

Na hapa kwetu Malawi, jiji la Mzuzu lilianza mwaka 2013 kurekebisha kodi yake ya majengo kwa kuorodhesha nyumba na kuzithamini kwa alama zilizo rahisi kueleweka: ukubwa, mahali, ubora wa ujenzi, huduma zilizopo. Mapato yalipanda. Mtu akiweza kuiona hesabu yake, huwa mwepesi zaidi wa kulipa, hata kama hafurahii.

Hesabu ya tikiti isiyoandikwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Soko lina wauzaji 300, kila mmoja hulipa kwacha 200 kwa siku, na soko hufunguliwa siku 26 kwa mwezi. Makusanyo ni kwacha 1,560,000. Sasa tuseme muuzaji mmoja katika kila wanne hukubali kulipa kwacha 100 bila tikiti, akiona kwamba amepata nafuu. Halmashauri hupoteza kwacha 390,000 kila mwezi. Wauzaji hao wameokoa nusu yake, na nusu nyingine imeingia mfukoni mwa mtu. Ifikapo Aprili, halmashauri itaona pengo katika vitabu vyake, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupandisha kiwango kwa wote. Yule aliyeokoa kwacha mia amesaidia kupandisha ushuru wake mwenyewe na wa jirani yake.

Maswali matano ya mlipaji

Kabla ya kutoa fedha, uliza kwa adabu, bila kupandisha sauti:

1. Wewe ni nani, na kitambulisho chako cha halmashauri kiko wapi?

2. Ushuru huu ni wa nini, na umewekwa na halmashauri ipi?

3. Kiwango kilichoidhinishwa ni kipi, na kimebandikwa wapi?

4. Stakabadhi au tikiti yangu iko wapi? Itazame tarehe na kiasi, kisha uitunze hadi jioni, si hadi mtoza ushuru apite tu.

5. Makusanyo ya mwaka uliopita yalifanya nini katika soko hili? Swali hili si la kumtesa kijana anayekata tikiti. Lipelekeni kwa kamati ya soko, kwa diwani, au katika ofisi ya halmashauri kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 imefungua mlango huo.

Mtu akishindwa kujibu maswali manne ya kwanza, unaweza kusita kumlipa hadi kamati ya soko au ofisi ya halmashauri ithibitishe. Lakini aliyejibu yote sawasawa, mlipe. Kukataa ushuru halali kwa hasira si ushujaa. Adhabu zimo katika sheria ndogo, na kosa huamuliwa na mahakama, si kwa kofi wala kwa kupindua kikapu.

Wajibu wa polisi, na mipaka yake

Polisi hatukusanyi ushuru wa halmashauri. Tukiitwa sokoni, tumeitwa kulinda amani ya pande zote mbili: mtoza ushuru asipigwe, na muuzaji asinyang'anywe. Askari akikudai fedha za ushuru, kumbuka mahali, saa na namba yake ya kazi ukiweza, kisha mwone Mkuu wa Kituo. Ukihofia kufika kituoni, Sheria ya Polisi ya mwaka 2010 iliunda Tume Huru ya Malalamiko dhidi ya Polisi, nayo haiko chini ya amri yetu.

Nimalizie na michango ya ulinzi shirikishi. Katika vitongoji vingi wanakamati huchangisha fedha za tochi, betri na makoti ya mvua kwa vijana wa doria za usiku. Ni jambo jema, nasi tunashukuru. Lakini huo ni mchango wa hiari, si kodi. Asiyeweza kutoa asiandikwe jina ukutani, wala nyumba yake isirukwe na doria. Kamati isomewe hesabu zake hadharani kila mwezi, zikiwa zimeandikwa katika daftari. Wale waliokulia Kongo wanakumbuka salongo, na waliotoka Rwanda wanajua umuganda: mtu asiye na fedha huweza kutoa nguvu zake, akafyeka njia au akazibua mtaro, na hesabu yake ikawa sawa na ya mwenzake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilichotoboka, hata hivyo, hakijai. Basi ushuru wa mwaka huu utakapotangazwa, nendeni mkausikilize, mkaulize, na ulio halali mkaulipe na kudai stakabadhi. Nasi kwa upande wetu tutakuwapo sokoni, na muuzaji atakayeuliza choo kiko wapi hatutamchukua kituoni.

Wako katika utumishi,
Afisa Uhusiano wa Polisi